Jina Lako Halipo

Adi Kolkwal, Tigray
14 Februari 2021

Kiflom mdogo wangu,

Barua hii anayo Hagos, mchuuzi wa chumvi, yule mwenye ngamia chongo. Simu zimekufa, barabara zimekufa, lakini Hagos anasema njia za magendo hazijafa. Ataiacha kwa muuza chai wa mpakani, naye ataifikisha kambini kwenu huko Sudan. Kama u mzima, namshukuru Mungu. Tafuta mtu akusomee polepole. Mimi nilipelekwa shule, wewe ukapelekwa na mbuzi, na leo najuta kwamba hatukugawana.

Lemlem amekufa. Nimeanza na hilo kwa sababu nikiliacha mpaka chini ya ukurasa sitaliandika. Tulimzika siku ya Mariamu, nikamvisha shuka langu la kanisani, likamzunguka mara nne.

Mtu akikuuliza huko, usikubali aseme ni risasi. Mwanangu amekufa kwa njaa, katika nyumba ambayo mwezi wa kumi na moja ilikuwa na magunia manne ya nafaka ya tefu.

Sikia ilivyokuwa. Askari walipokuja mara ya kwanza walichukua kuku na simu. Mara ya pili walichinja maksai wetu wote wawili pale pa kupuria, wakavunja nira na plau kuwa kuni, wakawachoma maksai kwa nira iliyokuwa shingoni mwao. Tukavumilia. Tulikuwa na pango. Unalijua, nyuma ya kanisa, pale ulipoangukia ukiwa mdogo ukavunja jino. Nyumba saba tulikuwa tumeficha nafaka mle tangu wiki ya kwanza ya vita, tukaziba mlango kwa mawe na samadi. Hakuna aliyejua ila nyumba saba.

Mara ya tatu askari walikwenda pangoni moja kwa moja. Hawakutafuta, hawakugeuza hata jiwe. Mbele yao alitembea Berihu.

Ndiyo. Berihu Araya, shemasi aliyeuacha ushemasi, mume wa Tirhas, mwenye nyumba ya saba. Nilikuwa juu ya mwamba na Lemlem mgongoni, nikamwona kwa macho haya mawili. Shuka jeupe begani, fimbo mkononi. Akasimama, akanyoosha fimbo. Walichoweza kubeba walipakia. Walichoshindwa kubeba walikimwagia dizeli. Tumechekecha tefu ndani ya dizeli, Kiflom. Tumeiosha, tumeila, tumeitapika. Ikaisha hata hiyo, tukachemsha pumba. Lemlem aliacha kulia siku ya tisa. Nilidhani amepata nafuu.

Berihu hakuonekana tena baada ya siku ile. Wanasema ameshika njia ya Sudan. Amemwacha mkewe hapa na binti yao Feven, wa miaka mitano, mzima, anaruka kamba.

Baba yake Lemlem hajulikani alipo tangu vita ianze. Nimebaki na wewe tu. Mtu huyo atakuwa kambini kwenu, atasimama foleni ya uji kama wengine, utamwona. Ukimwona usiseme naye, maana ulimi anao. Usimsikilize akilia. Mlipe. Kisha niandikie neno moja tu, "tayari", nitalielewa.

Dada yako,
Letay Gebru


Kambini, upande wa Gedaref
3 Aprili 2021

Dada Letay,

Barua yako nimesomewa yote. Namlilia Lemlem. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa ananing'inia mguuni, anakataa niende kuvuna ufuta, nami nikamdanganya kwamba nakwenda mtoni tu na narudi. Sina zaidi ya hapo la kusema juu yake.

Niliugua homa wiki tatu. Nilikuwa nimelala chini ya turubai, sina wa kunipa maji. Jirani mmoja akanibeba mgongoni mpaka zahanati, akanipa nusu ya uji wake kila siku mpaka nikasimama. Sasa naishi naye. Dunia bado ina watu.

Ama huyo mtu, sijamwona. Kambi ina maelfu, na kutoka kwetu tuko wachache mno. Lakini naapa kwa kaburi la mama yetu, siku nitakayomwona ndiyo siku yake. Nimepata mundu wa kukatia ufuta, naunoa kila Jumamosi. Usimtume mtu mwingine, kazi hii ni yangu. Wewe tulia.

Niandikie habari za kijiji. Nani yu hai, nani anaumwa. Niandikie za wote, hata wale usiowapenda. Na za watoto. Huku mtu hushiba habari.

Mdogo wako,
Kiflom


Adi Kolkwal
11 Julai 2021

Kiflom wangu,

Barua yako nimeilalia kama mto. Pale pa mundu nimepasoma mpaka karatasi imechanika. Unoe, unoe vizuri.

Nani huyo anayekuandikia? Huo ni mwandiko wa kanisani, herufi zimesimama kama mashemasi kwenye ibada. Kama ni huyo jirani aliyekubeba, mwambie dada yako anamshukuru, na siku tukirudishiwa maisha nitamchinjia kondoo.

Umeuliza habari za watu. Basi nikupe moja itakayokupoza moyo, maana sikuweza kukungoja wewe tu, nimeanza na mimi huku.

Mwezi uliopita lori la chakula lilifika, moja, la kwanza tangu vita. Ngano, mafuta, dengu. Wakataka mwanamke anayejua kusoma asimamie orodha. Wakanichagua mimi. Usiku mmoja orodha ililala kwangu, na asubuhi ilipotoka ilikuwa pungufu kwa mstari mmoja.

Tirhas akaja na Feven mgongoni. Mtoto wa miaka mitano anabebwa kama wa miezi mitano, kamba amesahau. Akasimama mbele yangu, watu wote wanaangalia.

"Nikutafutie jina, Tirhas?" nikamwuliza.

"Nitafutie, mama Lemlem."

Nikapitisha kidole juu mpaka chini. Nikarudi chini mpaka juu. Sikuwa na haraka.

"Jina lako halipo."

"Jana lilikuwapo. Mwenye lori alilisoma, mimi nikaitika."

"Basi kamwulize mwenye lori."

"Ameshaondoka."

"Kamwulize mumeo, basi. Si ndiye fundi wa kuonyesha nafaka iliko?"

Watu wakacheka. Si wote, lakini wakacheka. Yeye alimpandisha mtoto mgongoni akaenda zake, na sijapata kushiba katika maisha yangu kama nilivyoshiba mchana ule, nami nilikuwa sijala.

Nikaziambia na zile nyumba tano nyingine za pangoni: atakayempa Tirhas hata kiganja cha unga, na jina lake litapotea. Wameitikia. Wananiogopa sasa, Kiflom. Mimi, Letay, naogopwa.

Nawaona kila asubuhi kisimani. Nywele za mtoto zimeanza kuwa nyekundu kama kutu. Zinaanza nywele, kisha miguu inavimba, kisha wananyamaza. Mimi nayajua yote kwa mpangilio. Namtaka Tirhas naye ayajue, na habari zimfikie mumewe popote alipojificha.

Dada yako,
Letay


Kambini
20 Agosti 2021

Kwa mama Lemlem,

Amani iwe kwako, ingawa kutoka kwangu hutaipokea.

Mwandiko huu unaujua. Uliusifu, ukaagiza nishukuriwe. Mimi ni Berihu.

Kiflom hajui kwamba nakuandikia. Kuna mengi hayajui. Nilimkuta mwezi wa pili anatetemeka kwa homa, nikamtambua, mdogo wake Letay. Ningeweza kupita. Nilimbeba, na usidhani kwa wema. Nilikuwa nimejaa uchafu na nilitafuta mahali pa kunawa. Wa kijijini kwetu hapa tuko wawili tu, hakuna wa kumwambia nilichofanya.

Barua yako ya kwanza ilipofika alinipa nimsomee. Nikasoma. Nikasoma kifo cha Lemlem, tukalia wote wawili, na machozi yangu hayakuwa ya uongo. Nilipofika "mbele yao alitembea Berihu" ulimi ukagoma. Akaniuliza, "Mbona umenyamaza?" Nikamwambia wino umelowa. Nikaruka mpaka chini.

Kile kiapo cha kuniua nilikiandika mimi. Kiflom alisema namlilia Lemlem, akasema habari za homa na za jirani, jina langu nikaliacha. Mengine nilitunga, ili uridhike na usitume mtu mwingine. Na kuuliza habari za watoto nilikuuliza mimi.

Nawe ukanijibu.

Barua ya pili nilimsomea salamu za kondoo. Foleni ya ngano nilijisomea peke yangu. Sikuisoma mara moja tu.

Hujaniuliza kwa nini nilinyoosha fimbo. Askari walimshika Feven mguu mmoja wakamning'iniza kisimani, kichwa chini. Mkubwa wao hakunipigia kelele. Alisema taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Nafaka au mtoto?" Mama Lemlem, Lemlem wako hakuwa mbele ya macho yangu. Feven wangu alikuwapo. Nilichagua, na nikirudishwa kisimani nitachagua vile vile. Nilikimbia kwa sababu nilijua siwezi kuwatazama machoni, si kwa sababu nilitubu.

Sasa niseme kwa lugha unayoipenda. Ndugu yako analala hatua mbili kutoka kwangu. Bado ni dhaifu, anakula nikipika. Barua zako zote zitapita mikononi mwangu kwanza. Na mundu upo kweli, huo sikuutunga. Lirudishe jina la Tirhas. Feven akila, Kiflom atakula. Feven akilala njaa, Kiflom atalala njaa. Feven akifa, utakuwa na makaburi mawili, na moja hutalijua liliko.

Berihu Araya


Adi Kolkwal
12 Septemba 2021

Berihu,

Usiliite tena jina la mwanangu. Kwako wewe mimi si mama wa mtu.

Unasema barua zangu zote utazisoma wewe kwanza. Vyema. Hii isome wewe, ni yako.

Umechelewa. Feven amekufa. Amekufa siku tatu kabla ya barua yako kufika, wiki ile ile wasichana wa vijiji vingine walipokuwa wanacheza ngoma ya sikukuu ya Ashenda na majani viunoni. Hapa hakuna aliyecheza. Alivimba miguu, kisha akanyamaza. Siku ya mwisho alikuwa anatafuna pindo la nguo ya mama yake. Hakukuita wewe, aliita maji. Tirhas hakuwa na shuka zima, wakamzika kwa gunia la ngano, lile lile lenye maandishi ya msaada. Kaburi liko upande wa kushoto wa la Lemlem. Umewapa watoto wetu ujirani.

Hapo sasa tumelingana. Unaniuliza ningenyoosha fimbo gani pale kisimani? Sikuulizwa mimi. Uliulizwa wewe, na jibu lako nimelizika.

Na usinitishe na ndugu yangu. Umebakiwa na mke. Mguse Kiflom, uone kama utabaki naye.

Letay Gebru


Kambini
2 Novemba 2021

Dada Letay,

Mwandiko huu ni wa mwalimu Saba, anayefundisha watoto hapa kambini. Nimemwapisha kwa Msalaba aandike ninavyosema, hata nikisema ovyo. Yeye hatujui wala hana haja nasi. Kwa hiyo barua hii ni yangu, ya kwanza iliyo yangu.

Barua yako ya mwezi wa tisa, mwezi wa Mwaka Mpya wetu, ilifika. Berihu aliipokea kwa muuza chai. Niliporudi shambani nilimkuta amekaa mlangoni, barua mapajani. Nikamwuliza, "Ni ya dada? Anasemaje?" Akaniambia, "Anasema Mwaka Mpya mwema." Siku mbili hakula. Mimi nikampikia, nikamlazimisha. Nikamwambia, "Kula, kaka, wewe ulinilisha mimi." Siku ya tatu akaniambia, "Kaa chini nikusomee barua zako upya."

Akasoma zote tano tangu mwanzo, na zako na zake, maana zake alikuwa na nakala. Hakuruka neno. Jua lilikuwa linawaka. Alipomaliza akachukua mundu juu ya paa akauweka mbele yangu, akaweka mikono yake nyuma.

Dada, mundu sikuugusa, lakini nilichukua mpini wa jembe. Nilimpiga mpaka mkono ukafa ganzi. Nilimpigia Lemlem, nikampigia ule uji wote alionipa nikaula nikimwita ndugu. Hakujikinga. Watu ndio waliokuja kunitoa juu yake. Alitema jino, akaniambia, "Nakwenda kwa mwanangu. Tirhas hawezi kuinua mawe ya kaburi peke yake." Nikamwambia, "Nenda, wakuue njiani." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Alikwenda na wanaume wawili wa magendo. Waliporudi walisema walinzi waliwakuta kwenye mto Tekeze, katikati ya maji. Wao wakazamia, wakaokoka. Berihu hakujua kuogelea. Walimtoa mzima, wakamfunga mikono nyuma, wakamtia kwenye gari. Zaidi ya hapo hakuna anayejua.

Nikasema basi, deni la Lemlem limekwisha, hata kama si kwa mkono wangu. Nilikuwa nakutafutia mwandishi nikuandikie lile neno lako, "tayari".

Juzi Hagos akaingia kambini mwenyewe, mara ya kwanza, kwa sababu muuza chai wa mpakani amefunga. Nikampa mkono, nikamwambia, "Ukirudi nifikishie pole kwa Tirhas, kwa ajili ya Feven." Akanitazama kama mwenda wazimu.

"Pole ya nini? Nimewaacha wazima. Huyo Feven wako amenivuta ndevu mpaka nikatoa machozi."

"Hagos, Feven alikufa mwezi wa nane."

"Basi aliyenivuta ndevu wiki tatu zilizopita ni nani? Miguu kama vijiti, ndiyo, lakini mkono anao."

Dada, mwalimu Saba ameacha kuandika kidogo hapa, amenitazama. Nimemwambia endelea.

Yu hai. Ulimtoa Berihu hapa kwa kifo ambacho hakikuwapo. Kule kutafuna pindo la nguo, yule ni Lemlem, sivyo? Ulichukua kifo cha mwanao ukamvika mtoto wa mwingine. Na jambo moja linanikosesha usingizi kuliko hayo. Ulipoandika vile ulikuwa umeshasoma kwamba nalala hatua mbili kutoka kwake, na kwamba mundu upo kweli. Uliandika hivyo hivyo. Kama angekuwa mtu wa namna uliyodhani, mimi leo ningekuwa chini ya udongo wa Sudan.

Sikuulizi kama ulinifikiria. Naogopa utanijibu.

Kiflom


Adi Kolkwal
19 Desemba 2021

Kiflom mdogo wangu,

Nakujibu. Nilikufikiria. Niliiweka kalamu chini nikafikiria, kisha nikaiokota. Nilijiambia mtu akiambiwa mwanawe amekufa mikono yake hulegea, hawezi kushika mundu. Nilijua kwa sababu yangu ililegea. Lakini kujua huko si hakika, nami nilikuchezea kwa kitu kisicho na hakika. Hilo ni kweli na utanichukia kwalo, nami nimekubali.

Usidhani nimemsamehe Berihu. Sijamsamehe. Hata hicho kisima, nimekwenda nikachungulia, nikamwona Feven amening'inia, nikamwona na Lemlem amelala, na bado sijamsamehe. Waliomning'iniza mtoto sina anwani yao. Yake nilikuwa nayo.

Barua yako niliisoma nimesimama. Siku iliyofuata nikamwendea Tirhas. Alikuwa anapepeta makapi ya mtu. Nikamwambia yote, tangu mstari wa orodha mpaka mtoni. Nilimwambia wazi: "Mumeo alikuwa anakuja kuzika mtoto. Mimi ndiye niliyemwambia amekufa." Nilitaka anirukie. Nilikuwa nimeacha na kitambaa cha kichwa nyumbani, ili apate pa kushika.

Hakunirukia. Aliendelea kupepeta. Kisha akauliza, "Walimchukua mzima?"

"Mzima."

"Kwenye gari la namna gani?"

Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei.

"Unajua nani alikuwa ananilisha?" akaniuliza. "Zile nyumba tano zako. Zote. Kwa zamu. Wananirushia nyuma ya ua alfajiri, kama wanamtupia mbwa, halafu mchana wanacheka nawe kwenye foleni. Mke wa kasisi alinipa mpaka siagi."

Kiflom, wote. Kijiji kizima kilikuwa kinaniitikia usoni na kunipinga nyuma ya ua. Mimi nilidhani naogopwa, kumbe nilikuwa nahurumiwa. Nilikaa chini pale pale kwenye makapi.

Akaingia ndani. Akatoka amejifunga shuka, ana kibuyu cha maji, na Feven mkononi. Akamweka mapajani pangu. Mtoto ni mwepesi. Nilikuwa nimesahau uzito huo.

"Nakwenda kumtafuta," akasema. "Wanasema wafungwa wapo ng'ambo ya mto. Njia hii mtoto haiwezi."

"Mpeleke kwa mke wa kasisi," nikamwambia. "Si mimi, Tirhas. Mtu yeyote si mimi."

"Wale wananilisha kwa kujificha. Wanakuogopa wewe, na mtoto wangu atakula kwa kujificha mpaka lini? Wewe humwogopi mtu. Ukisema atakula, atakula mchana." Akainama, akawa karibu na uso wangu, nikasikia pumzi yake. "Na ukimwacha afe, utamzika wewe kwa mikono yako, halafu utaniandikia mimi barua. Unajua kuziandika."

Akaenda. Hakugeuka, hata mtoto alipolia.

Leo ni siku ya kumi na sita. Lori halijaja tena tangu lile la ngano, na mvua zilipita hatuna maksai wa kulimia. Mavuno ya mwaka huu ni yale tuliyolima kwa jembe la mkono, unaweza kuyabeba kichwani. Askari wanasemwa wako tena bondeni. Nimezirudia nyumba zote tano, mlango kwa mlango, mchana, nikasema Feven yuko kwangu na anayetaka kumpa kitu alete kwa mlango wa mbele. Mke wa kasisi alinitazama muda mrefu, kisha akanipa yai. Orodha nimeirudisha kwa kasisi. Jina la Tirhas nimeliandika mimi mwenyewe kabla ya kuirudisha, juu kabisa.

Kama Berihu atarudi, nitamkabidhi mtoto wake, kisha ndipo nitaona mkono wangu utafanya nini. Siahidi lolote. Kama atarudi Tirhas peke yake, sijui. Wewe usije, njia bado haifai. Kaa na mwalimu Saba akufundishe kusoma, usiwe tena mtu wa kusomewa.

Mtoto anasemaje, utataka kujua. Hasemi nami. Usiku analala ukutani, mgongo kwangu. Anakula mara mbili kwa siku, mkate wa injera wa mtama na kile kilichopatikana. Siku ya kwanza nilimpa kipande mkononi, akakishika, hakukitia mdomoni. Nikamwambia, "Kula, mwanangu." Akanisogezea kipande kile mpaka kwenye midomo yangu.

"Mama amesema uonje wewe kwanza."

Nikaonja. Akangoja, akanitazama koo mpaka nikameza, akangoja tena kidogo. Ndipo akala. Tangu siku ile hatujaruka hata mara moja.

Dada yako,
Letay